Nimemchagua Meya wa London kwa pasi ya Tanzania: tathmini ya huduma yenyewe

Nyota nne kati ya tano. Waliosimamia kituo nilichopigia kura Alhamisi ya tarehe 2 Mei 2024 ningewapa zote tano bila kusita. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya miaka saba niliyoishi katika jiji hili nikiwa na haki hii na nisijue kama ninayo.

Watu wetu tunaandika tathmini za kila kitu: kampuni za kutuma pesa, maduka ya unga, mafundi wa nywele, mawakili wa viza. Sijaona mtu akiandika kwa Kiswahili kuhusu huduma ya kupiga kura ya umeya hapa London, na huduma hii tunaigharamia sote kupitia kodi zetu. Basi nimeandika mimi.

Kazi yangu ni kulea wazee, zamu za usiku. Nilifika 2017 na viza halali na pasi ya Tanzania. Mwaka 2019, uchaguzi mkuu wa Uingereza ulipokaribia, nilipiga simu ofisi moja kuuliza kama mtu wa aina yangu anaruhusiwa kupiga kura. Aliyepokea akaniuliza, "Wewe ni raia wa Uingereza?" Nikasema sio. Akasema basi huwezi, akanitakia siku njema. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa simu wanaokaa wajuzi. Mei 2021 uchaguzi wa meya ukaja ukapita, nami nikiutazama kwenye taarifa ya habari kama mgeni anavyotazama harusi ya jirani kupitia dirishani.

Jibu la yule ndugu lilikuwa kosa. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza, aliyetimiza umri wa miaka 18, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura ya meya, ya madiwani na hata ya wabunge. Tanzania imo. Kenya imo, Uganda imo, na Rwanda iliyojiunga 2009 imo. Burundi na Kongo hazimo, na nalisema hili mapema: ndugu zangu wa Bujumbura na Bukavu wasijiandikishe kwa kunisoma mimi wakajitia matatani. Vivyo hivyo kwa yeyote ambaye ruhusa yake ya kuishi imekwisha. Kutoa taarifa za uongo kwa makusudi ili ujiandikishe ni kosa kisheria.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa Mombasa ninayekutana naye kwenye basi la alfajiri, yeye akienda kusafisha maofisi na mimi nikitoka kazini. Ilikuwa Januari 2024, baridi imeshika vioo vya basi hata nje hakuonekani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshajiandikisha kura ya meya?"

"Mimi si raia, baba."

"Nani amekuuliza uraia? Pasi yako ya wapi?"

"Tanzania."

Akageuka mzima mzima kwenye kiti akanitazama. "Mwanangu, mimi na pasi yangu ya Kenya nimepiga kura hii tangu ya kwanza, mwaka 2000. Nimempigia Livingstone akiwa mgombea binafsi. Wewe unakaa tu?"

Nilishuka vituo viwili baada ya changu, kwa sababu sikutaka akatize maneno. Alinieleza kwamba kabla ya mwaka 2000 London haikuwa na meya wa kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Wakazi waliulizwa kwanza kwa kura ya maoni 1998 kama wanamtaka, wakakubali. Tangu hapo wameshika kiti watu watatu tu: Ken Livingstone mara mbili, Boris Johnson mara mbili kuanzia 2008, na Sadiq Khan tangu 2016. Mimi kichwani nilikuwa na picha ya kwetu, ambako meya huchaguliwa na madiwani ukumbini na sisi tunasikia jina tu. Nilidhani na hapa ni hivyo, mambo ya wakubwa wenyewe kwa wenyewe.

Na meya huyu si wa kukata utepe. Mabasi, treni za chini ya ardhi na nauli zake viko chini yake. Polisi wa jiji na zimamoto anawasimamia. Ana sauti kubwa katika ujenzi wa nyumba. Mimi kila usiku napanda mabasi mawili kwenda kazini na mawili kurudi. Tangu Septemba 2016 ukishalipa basi la kwanza, la pili ndani ya saa moja hulilipii. Uamuzi ule ulitoka kwa meya. Nauli ya basi nilipopiga kura ilikuwa pauni 1.75, kwa hiyo kila siku ya kazi nilikuwa nikiokoa pauni 3.50, na sikujua kwamba pesa ile iliamuliwa kwa kura. Mwenzangu mwenye gari kuukuu la dizeli naye alikuwa na hesabu yake. Tangu Agosti 2023 eneo la tozo ya hewa chafu lilipanuliwa hadi mipaka ya jiji zima, akawa anatozwa pauni 12.50 kila siku anayowasha gari mpaka akaliuza. Mimi na yeye tuliliona jambo lile kwa macho tofauti, na sote wawili tulikuwa na haki ya kulipigia kura, na mwaka 2021 hakuna hata mmoja wetu aliyepiga.

Sasa huduma yenyewe.

Kujiandikisha ni kwa mtandao na ni rahisi kuliko kufungua akaunti ya benki. Unaandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia wako, na namba ya Bima ya Taifa, ile inayoonekana kwenye karatasi ya mshahara. Mimi ilinichukua dakika saba, na mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta ile karatasi ya mshahara. Kuna swali moja la kuangalia vizuri: wanakuuliza kama unataka jina lako liwe pia kwenye daftari la wazi, ambalo mtu au kampuni yoyote inaweza kulinunua. Kataa. Kura yako haipungui chochote ukikataa. Na kuna faida ambayo hakuna aliyeniambia: kuwa kwenye daftari la wapiga kura husaidia wakopeshaji kuhakiki kwamba kweli unaishi unaposema unaishi. Kama umewahi kunyimwa mkataba wa simu ukashangaa, jiulize kama umo.

Baada ya siku kadhaa ikaja barua ya kuthibitisha, kisha mwezi wa nne kadi ya mpiga kura yenye jina la kituo. Kadi hiyo si lazima uende nayo. Ni ya kukukumbusha tu.

Kikaja na kijitabu cha wagombea, kwa posta, jina langu juu ya bahasha. Nilikisoma chote usiku wa zamu, wazee wakiwa wamelala. Mwanzoni wanaeleza kazi za meya na za Bunge la Jiji (London Assembly), halafu kila mgombea aliyejitangaza humo ana kurasa zake. Nilichokipenda ni usawa: kurasa za mgombea wa chama kikubwa hazizidi za mtu asiye na chama. Nisichokipenda ni mlango wa kuingilia. Mgombea hulipa pauni 10,000 ili awemo kijitabuni, mbali na dhamana ya pauni 10,000 ya kugombea, ambayo huipoteza asipofikisha asilimia 5 ya kura. Mwaka 2024 walikuwa wagombea 13, na tisa kati yao walipoteza dhamana. Sipingi dhamana iwepo, maana bila kizuizi karatasi ingekuwa ndefu kama mkeka. Lakini mlezi kama mimi, au dereva wa basi anayejua shida za mabasi kuliko wote, atazitoa wapi pauni 20,000 kabla hajachapisha hata bango moja?

Siku yenyewe. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na ukiwa umeshaingia kwenye foleni saa nne inapogonga, unapiga. Mtu wa zamu yoyote anapata nafasi, na hapo nawapongeza kwa dhati. Nilitoka kazini saa moja kasoro, nikafika saa moja na dakika ishirini, na sare yangu ya kazi bado mwilini. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, ule wenye viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani na harufu ya chai ya jana.

Nje ya mlango alisimama mama mwenye ua la kitambaa la chama kifuani. Akaniomba namba iliyo kwenye kadi yangu. Nilishtuka, nikadhani ni afisa. Kumbe ni wakala wa chama anayehesabu wafuasi wake waliokwisha kufika, na mpiga kura halazimiki kumpa chochote. Alikuwa mpole, alinieleza mwenyewe nilipomuuliza. Ila kwa mtu anayepiga kura mara ya kwanza, na Kiingereza chake cha kubahatisha, hilo ni jambo la kutisha. Ningependa kibao kidogo mlangoni kinachosema waziwazi: huyu si mfanyakazi wa kituo.

Ndani kulikuwa na meza moja na makarani wawili, kijana na mama wa makamo. Mbele yangu alikuwa dada aliyevaa nikabu. Mimi nilibana pumzi, kwa sababu ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa meya wa London ambapo kitambulisho chenye picha ni lazima. Yule karani wa kike alinyanyuka kabla dada hajasema neno, akamwonyesha pazia pembeni, wakaenda wawili, wakarudi baada ya nusu dakika. Hakuna aliyegeuza shingo. Huduma ya namna hiyo nimeikosa hata katika hospitali.

Zamu yangu. Nikatoa pasi. Kijana akafungua ukurasa wa picha, akaangalia, akaniangalia, akasema, "Picha nzuri." Pasi ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado inafanana. Akatafuta jina langu kwa rula juu ya orodha, mstari kwa mstari, akalisoma kwa sauti kama utaratibu unavyotaka. La ukoo alilivunja vipande vitatu. Nikalitamka mimi. Akarudia, akakosea, akarudia tena mpaka likatoka sawasawa, ndipo akapiga mstari. Watu walikuwa wanasubiri nyuma yangu na bado alilirudia. Nilipokuwa natembea kwenda kwenye kituturi nilihisi macho yananiuma, nikasema moyoni ni uchovu wa usiku.

Karatasi ni tatu. Ya waridi ni ya meya. Ya njano ni ya mjumbe wa Bunge la Jiji anayewakilisha eneo lako, na maeneo ni 14. Ya machungwa ni ya chama, kwa viti 11 vinavyogawanywa jiji zima. Kalamu ni ya risasi, imefungwa kwa uzi. Nawajua watu wanaoogopa risasi kwamba itafutwa. Hukatazwi kwenda na kalamu yako ya wino, na mimi nilikwenda na yangu. Hapachovywi kidole. Unaweka alama ya X, unakunja, unatumbukiza, unatoka nje, na dunia iko vilevile. Nilisimama kando ya sanduku nikingoja mtu aniambie kitu kingine. Mama karani akatabasamu: "Ndiyo hivyo tu, mpenzi."

Karatasi ya machungwa nakiri niliipigia bila kuielewa vya kutosha, na hapo huduma inapwaya. Wajumbe 25 wa Bunge la Jiji ndio wanaomhoji meya, na theluthi mbili yao wakikubaliana wanaweza kubadilisha bajeti yake. Ni watu wazito. Ila kelele zote za kampeni, na magazeti yote, yalikuwa juu ya meya.

Kuna kijana nilimwona wakati natoka, wa miaka kumi na tisa au ishirini, anarudishwa. Alikuwa na kadi ya usafiri ya mwanafunzi, picha yake imo, jina lake limo. Haikubaliki. Wakati huohuo mzee aliyekuwa mbele yake alitumia kadi ya usafiri ya waliofikisha miaka 60, nayo inakubalika. Kadi zote mbili ni za usafiri wa jiji hilihili! Wafanyakazi wa kituo hawakuitunga orodha ile, inatoka kwenye sheria ya uchaguzi ya 2022, na karani alimwambia kwa upole kwamba anaweza kurudi na pasi kabla ya saa nne usiku. Kijana akasema pasi yake iko kwa wazazi, mji mwingine. Akaondoka na begi lake. Namfikiria mara nyingi. Kwa asiye na kitambulisho chochote kipo cheti cha bure cha mpiga kura, unaomba kwa mtandao kwa picha na namba ya Bima ya Taifa, lakini mwaka ule mwisho wa kuomba ulikuwa Aprili 24, siku nane kabla. Wakati wa kujua haya ni kabla hujafika mlangoni.

Jambo lililonikaa zaidi ni namna ya kuchagua yenyewe, na hapa nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 2021 nilikuwa namlea bibi wa miaka 91 nyumbani kwake. Alipiga kura kwa posta, meza ya jikoni, miwani miwili imepandana puani. Wakati ule mpiga kura wa meya alikuwa na chaguo la kwanza na la pili: kama wako wa kwanza hakuingia wawili bora, kura yako ilihamia kwa wa pili akiwa mmoja wao. Wagombea walikuwa 20, na majina yao yalipangwa kwenye karatasi katika safu mbili. Bibi akanipa karatasi nimsaidie kuikunja, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Sikukusudia kuona, lakini niliona: alama mbili, moja kila safu, zote mahali pa chaguo la kwanza. Alidhani kila safu ina chaguo lake. Mimi sikujua kanuni, na hata ningejua si kazi yangu kugusa kura ya mtu. Nikaikunja. Baadaye nikasoma kwamba kura za meya zilizoharibika mwaka ule zilizidi 114,000, na nyingi zilikuwa za watu waliochagua zaidi ya mmoja. Nikajua ya bibi yangu imo. Alifariki mwaka uliofuata, na ile ilikuwa kura yake ya mwisho.

Kwa hiyo naelewa waliosema turahisishe. Mwaka 2024 chaguo la pili likaondolewa kabisa: X moja, mwenye nyingi ameshinda. Karatasi ikawa nyepesi, hilo kweli. Lakini nilipokuwa ndani ya kituturi nilisimama muda mrefu na kalamu hewani. Moyo wangu ulikuwa kwa mgombea mdogo ambaye nilijua hashindi. Akili yangu ilikuwa kwa mwenye nafasi. Chini ya utaratibu wa zamani ningewapa wote wawili, kila mmoja mahali pake, nikaondoka na amani. Kilichomshinda bibi kilikuwa mpangilio wa karatasi, na mpangilio ungeweza kurekebishwa bila kutunyang'anya chaguo la pili. Julai 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wenye kipengele cha kulirudisha. Mimi naliunga mkono kwa mikono miwili, na naomba watakaochora karatasi mpya waijaribu kwanza kwa vikongwe.

Nilimchagua nani ni siri yangu.

Kusubiri matokeo kulichosha. Kura zilifungwa Alhamisi usiku, na meya akatangazwa Jumamosi, tarehe 4. Katikati hapo, Ijumaa nzima, simu zetu zilijaa uvumi kwamba mambo yamegeuka na mpinzani mkuu, Susan Hall, anamkaribia Khan, au ameshampita. Makundi ya mtandaoni yalichemka. Jumamosi ikaonekana Khan amepata kura 1,088,225 na Hall 812,397, tofauti ya zaidi ya 275,000. Kukagua kwa makini nakuheshimu, ila ukimya wa siku mbili huzaa maneno.

Namba nyingine ndiyo iliyonitoa usingizini. Nafasi ya tatu na ya nne, Rob Blackie na Zoë Garbett: 145,184 na 145,114. Tofauti ni kura 70, katika jiji lenye zaidi ya watu milioni 6 waliojiandikisha. Nikafanya hesabu jikoni. Nyumba tunayopanga tupo saba: Watanzania wawili, Wakenya watatu, kijana wa Uganda na dada wa Naijeria. Saba wote tuna haki. Aliyepiga ni mimi peke yangu. Nyumba kumi kama yetu ni kura 70. Na waliojitokeza jiji zima walikuwa kama asilimia 40 tu.

Kwa nini wenzangu hawakupiga? Si uvivu. Kila mwaka halmashauri hutuma fomu kwa "Mkazi" kuuliza nani anaishi hapa, na kwetu fomu ile ilikuwa ikienda moja kwa moja kwenye taka pamoja na barua za madeni ya wapangaji waliohama. Bahasha yenye nembo ya serikali, haina jina la mtu, na mnaishi saba: nani ataifungua? Tuliogopa kwamba ukijitaja utaitwa Uhamiaji. Kwenye fomu ile sijaona mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba Mkenya, Mganda, Mtanzania mwenye viza halali anakaribishwa. Kwenye vituo vya basi niliona mabango ya "lete kitambulisho" kila mahali. Bango la "hata wewe unaruhusiwa" sikuliona. Nyota ya tano iko hapo. Siku mtu wa simu atakapouliza "una pasi ya nchi gani?" badala ya "wewe ni raia?", nitarudi hapa niibandike mwenyewe.

Kwa anayetaka maelekezo ya haraka: jiandikishe sasa, usingoje, kwa sababu daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ukihama, jiandikishe upya. Kama zamu zako hazitabiriki, omba kura ya posta. Ukiwa na mzazi asiyeona vizuri, kituoni wana kifaa cha kupapasa na wanaruhusu msindikizaji. Uchaguzi wa madiwani wa halmashauri zote 32 ulipangwa Mei 2026, na kura ya meya inayofuata ni Alhamisi, tarehe 4 Mei 2028.

Septemba 2025 fomu ya "Mkazi" ilikuja tena. Safari hii niliiokota kabla haijafika kwenye pipa, nikaiweka katikati ya meza ya jikoni na kuiwekea chumvi juu isipeperuke. Nikawaambia ukweli kwamba kujaza majina kwenye fomu hakutoshi, kila mtu lazima ajiandikishe mwenyewe. Dada wa Naijeria alikuwa wa kwanza kutoa simu. Wakenya wakafuata wote watatu kwa pamoja, wakishindana nani atamaliza kabla ya mwenzake. Yule Mtanzania mwenzangu akaniuliza mara tatu kama kweli Uhamiaji hawatakuja, nikamwonyesha barua yangu ya kuthibitishwa ya 2024, ndipo akaanza kuandika. Simu ya kijana wa Uganda ilikuwa imezima chaji, nikampa yangu ya akiba. Nilipotoka saa tatu na nusu kwenda kazini alikuwa bado anatafuta namba yake ya Bima ya Taifa kwenye karatasi za mshahara. Nikiwa kwenye basi la pili akanitumia ujumbe kwa simu ya mwenzake: "Dada, nimeipata. Nimemaliza. Simu yako ya akiba nimeiacha juu ya friji."